Mjane Aliyemtafuta Mwizi wa Mpaka

Juzi hapa Rwamishenye binti yangu alimaliza riwaya ya upelelezi akanijia mbio jikoni, macho yamemtoka. "Baba, kumbe mpelelezi mwenyewe ndiye muuaji!" Nilicheka, ndugu msomaji, lakini mwili ulinisisimka. Hadithi ya namna hiyo niliisikia nikiwa mdogo kuliko yeye, kule Kimwani, na mshangao wake haujaniisha.

Ilikuwa siku moja kabla ya kipaimara cha dada yangu. Kwetu, shughuli ikiwapo, kina mama wa jirani walikuja kumenya ndizi, kila mmoja na kisu chake. Walikaa chini juu ya majani ya mgomba, utomvu umewaganda vidoleni, na maharage yakitokota kwenye sufuria kubwa. Hata jirani yetu wa upande wa bondeni alikuja, akakaa pembeni peke yake. Bibi alikuwa amemshtaki kwa wazee kwamba kauhamisha mlamula, ule mmea wa mpaka, akamega kibanja chetu, shamba letu la migomba. Wazee wangeamua wiki ile, na aliyethibitika kuwa mwizi wa mpaka alikuwa haalikwi tena popote. Sisi watoto tulishakatazwa kucheza na wanawe.

Bibi akasema, "Nilikuja nikaona." Ndivyo hadithi za Kihaya zinavyofunguliwa. Tukaitikia kwa pamoja, "Ona, nasi tuone!"

Akatusimulia habari za mjane aliyeamka akakuta mpaka wake umesogezwa. Mjane hakulala usingizi. Alimfuata mchunga mbuzi, akachungulia mashimo ya fuko, akapima nyayo za jirani kwenye tope. Jamani, tulimpenda mjane yule! Nilitamani niingie kwenye hadithi nimshikie fimbo. Kila Bibi alipomtaja jirani mbaya, kina mama waliangalia kule pembeni alikokaa jirani yetu, na mimi nikaona raha.

Mwishowe wazee wa kwenye hadithi wakachimba, wakakuta shina la zamani la mlamula limeoza katikati ya maharage ya mjane.

"Sasa nani aliuhamisha?" dada akauliza.

"Mjane mwenyewe," Bibi akasema. "Jirani alipoanza kunung'unika, yeye akawahi kupiga yowe."

Visu vilisimama. Yule jirani yetu akasema polepole, kwa heshima ya Kihaya, "Waitu mama, malizia hadithi."

Bibi akainuka, akachukua jembe, akaenda mpakani. Tukamfuata sote. Aliung'oa mlamula mbele ya macho yetu, akahesabu mistari ya maharage yetu wenyewe, akafukua na kuupanda upya pale ulipokuwa zamani. Jirani akapiga magoti, akashindilia udongo pamoja naye, kisha wakarudi kumenya ndizi. Nilimwogopa Bibi siku ile, na sijawahi kumpenda zaidi ya hapo.

Siku hizi shughuli zetu hupikiwa na watu wa kukodi, na mipaka ya Kimwani ina vigingi vya saruji. Bibi hayupo, jirani naye hayupo. Vigingi hivyo havihami ovyo, nakubali. Lakini kesi za mipaka bado zipo, kila mtu anaapa kwamba kaonewa, na sijamwona tena mtu aliyeinuka na jembe lake mwenyewe.