Mgonjwa Aliyepona Upesi Mno

Ndugu zangu, heri niwasimulie mwenyewe aibu iliyonipata juma lililopita, kabla hamjaisikia kwa wengine.

Mimi ni muuguzi hapa Bunia, katika jaribio la antibiotiki mpya ya vidonda vilivyooza. Kwa kuwa barabara zimetulia kidogo, wakaguzi kutoka Kinshasa walikubali kuja. Kwa majivuno niliwapeleka moja kwa moja kwa Papa Lobo, mvuvi wa Tchomia, ambaye kidonda chake kilikauka upesi kuliko vya wenzake wote.

"Hiyo ni kazi ya dawa yetu," nilisema. "Hakunywa nyingine kabla. Nilimuuliza mimi mwenyewe."

Mkaguzi mmoja, mama mpole mwenye kujua Kiswahili, akaketi kando ya kitanda. "Papa, kweli haukukunywa dawa ingine mbele ya kuja hapa?"

"Dawa ya daktari hapana, mama. Nilikunywaka tu ile ya rangi mbili, nyekundu na nyeusi."

Hiyo nayo ni antibiotiki, na aliyeinywa hakupaswa kabisa kuingizwa kwenye jaribio.

"Uliipata wapi?" mkaguzi aliuliza.

Papa Lobo alinitazama kwa huruma, kama mtu anayetaka kunisaidia kukumbuka.

"Kwa farmasi ya bibi yake huyu muuguzi, pale soko. Ile siku bibi hakukuwa. Ni yeye mwenyewe aliniuzisha, na hakuniuliza hata naumwa nini."

Wakaguzi wote wakageuka kunitazama.