Farasi wa Shangazi Pale Maposeni

Mwezi uliopita nilichukua bodaboda kutoka Songea mjini kwenda Maposeni, na tulipofika bondeni chini ya kwetu dereva akapita juu ya kalavati bila hata kupunguza mwendo. Nikamgusa begani asimame. Alidhani nimeangusha kitu. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba hapo zamani palikuwa na mtaro mpana, na kwamba mtaro ule ulikaribia kutunyima farasi wetu?

Usicheke, rafiki yangu. Kwetu farasi alikuwepo, mmoja tu. Alikuja na shangazi, mdogo wake baba, aliyekuwa akitunza farasi kwenye shamba moja huko Iringa. Mwenye shamba alipofunga kazi, wafanyakazi wengine waliomba walipwe mabati, wengine ng'ombe. Shangazi akaomba farasi mchanga, ambaye hata tandiko alikuwa hajalizoea. Akashushwa kwenye lori la viazi, miguu ikimtetemeka, rangi yake kama buni zilizokaangwa. Tukamwita Kahawa. Bibi alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia shangazi, "Wenzako wanarudi na magodoro."

Mvua ziliponyesha hapakuwa na taabu. Lakini kipupwe kilipoingia, asubuhi tukiota moto jikoni huku kengele ya kanisa la Peramiho ikisikika kwa mbali, nyasi za huku kwetu zilikauka zote. Nyasi mbichi zilibaki ng'ambo ya mtaro. Watu tulivuka kwenye magogo mawili. Kahawa akifika pale alikita kwato na kutoa macho.

"Mnyama huyu havuki, na nyasi sina," babu alisema. "Akigusa mahindi yangu, anaondoka."

Shangazi hakubishana naye. Alilaza mti mwembamba wa mkaratusi uani, akanipandisha mimi mgongoni kwa Kahawa kwa kuwa ndiye niliyekuwa mwepesi, tukawa tunaupita ule mti kwa mwendo wa pole, tunarudi, tunaupita tena. Kila akipita, shangazi alimsugua shingo na kumpa kipande cha kiazi kitamu. Alipouzoea, akauinua juu ya matofali. Siku Kahawa aliporuka kwa mara ya kwanza niling'ata ulimi, na bibi, aliyekuwa akipepeta mahindi, akapiga kigelegele akasahau kwamba alikuwa amenuna.

Kisha babu akaharibu. Asubuhi moja shangazi alikuwa amekwenda mashineni kusaga, babu akaona tunachelewa kumfundisha, akamfunga Kahawa kamba na kumpeleka mtaroni. Nilimkimbilia nikilia, "Babu, bado! Hajawa tayari!" Alivuta mbele huku akichapa fimbo nyuma. Kahawa akateleza, akaangukia magoti, akainuka akivuja damu, akakimbia hadi nyumbani.

Kuanzia hapo hata mpini wa jembe ulioachwa chini ulimtisha. Nilimkuta shangazi nyuma ya jiko amejifunika kanga usoni. Nikamuuliza kama tutamuuza. Akajifuta. "Hapana, mama. Tunarudi chini kabisa. Lete ule mti, utoe matofali."

Tukaanza upya. Safari hii hata mti ulikuwa mkubwa mno kwake. Shangazi aliweka bua la hindi, tukalipita bua. Mikono yangu ilikuwa inanuka jasho la farasi hata wakati wa kula maharage. Babu alikuwa akipita pembeni tu, ila nyasi mbichi zilianza kuonekana asubuhi bandani, zimekatwa kwa mundu, na sisi hatukuzikata.

Siku yenyewe shangazi alivuka magogo peke yake, akasimama ng'ambo. "Usiutazame mtaro," aliniambia. "Ukiutazama, naye atautazama. Nitazame mimi."

Nikamtazama. Kahawa alisimama ukingoni, akainamisha kichwa, akanusa. Nilisikia moyo wake ukidunda kwenye mapaja yangu. Sikumpiga wala sikumhimiza. Akarudi nyuma hatua chache, nikadhani ameshindwa, na ghafla ardhi ikaondoka chini yetu. Niliangukia kwenye matope ya ng'ambo, nywele zake zimebaki mkononi mwangu. Kahawa hakuzitazama nyasi. Aligeuka, akauruka mtaro kurudi, akageuka, akauruka tena, kama mtu asiyeamini. Babu alikuwa amesimama shambani na jembe lake. "Kumbe," alisema.

Kahawa hakukaa nasi sana. Masika yaliyofuata aliugua ule ugonjwa wa mbung'o, bwana mifugo akamchoma sindano, lakini alizidi kukonda mpaka akashindwa kusimama. Babu ndiye aliyechimba kaburi, na hakumruhusu mtu mwingine ashike koleo. Alichimba mvua ikimnyeshea, na alipomaliza alikaa pale pale kwenye udongo, tukashindwa kumwita ndani.

Babu na bibi wameshatangulia. Banda lilianguka, na pale uani pamejengwa nyumba ya mpangaji. Nikiwaambia wanangu kwamba Maposeni tulikuwa na farasi, nikampanda, akaruka, wanaangaliana na kucheka. Hatukuwahi kupiga hata picha. Amebaki shangazi tu, huko Mbinga, naye macho yamefifia. Nikimpigia simu huwa namwamkia, "Shikamoo shangazi," anaitikia, halafu ananiuliza, "Lakini aliruka kweli, eh?"

"Aliruka, shangazi," namwambia. "Mara tatu."