Dole Gumba Langu Lilionekana Kwenye Picha Iliyommaliza Mchezaji

Admin, nifiche jina, ingawa walioishi Guangzhou miaka ile wakifika mstari wa tatu watanitambua kwa majigambo.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na nne, nina mke na watoto wanne, sasa nipo Dar. Shule niliishia la saba, lakini China nimeingia wakati wenzangu wanaiona kwenye sahani za maua. Makontena niliyopakia bandari ya Huangpu ukiyapanga mkia kwa kichwa yanafika Chalinze. Wachina wa soko la nguo la Shisanhang waliniita laoban, yaani bosi, na walikuwa wanafunga maduka nikipita ili waje kunisalimia. Haya, hiyo ya kufunga maduka nimeongeza. Ndio ugonjwa wangu huo. Hata dole gumba langu la kushoto, ambalo halina ncha, watu wote wanajua lilikatwa nikipambana na majambazi watatu. Ukweli ni kwamba lilibanwa na mlango wa chuma wa stoo. Lishikeni hilo dole, mtalihitaji mbele.

Mwaka mmoja wa neema, nikamkuta kijana wa Afrika Magharibi kwenye mgahawa wa mama mmoja Mkongo pale Xiaobei. Nitamwita Seku. Alikuwa na glasi ya maji tu mezani. Wakala alimleta kufanya majaribio ya mpira, majaribio yakafeli, wakala akazima simu. Nikamwambia, "Baba, inuka, twende nyumbani." Akakaa kwangu miezi saba. Akajifunza Kiswahili, mimi akaniita Tonton, mjomba kwa Kifaransa chao. Jumapili wafanyabiashara tukicheza mpira, yeye alikuwa anatupita kama tumefungwa kamba.

Sasa, kule mgeni akilala kwako lazima umwandikishe polisi, na wanataka kopi ya pasipoti. Mimi nikatoa kopi mbili. Mtu wa la saba anaheshimu karatasi, kila karatasi naweka. Moja nikawapa polisi, nyingine ikaingia kwenye mkoba wangu.

Seku akapata njia ya Ulaya. Kabla hajaondoka akapata pasipoti mpya. Akanionyesha akicheka kwa aibu, "Tonton, nimezaliwa upya. Nilikuwa na ishirini na nne, leo nina kumi na tisa." Nikamwambia mpira una umri wake, nenda. Kosa lilikuwepo, sikatai, na mimi nililibariki.

Akaenda, akapanda. Timu ndogo, kisha timu kubwa, watu wakawa wanaimba jina lake uwanjani. Kila Idi ananipigia simu. Mimi pale mgahawani nikawa siachi. "Yule nimemlea mimi. Viatu vya kwanza nimemnunulia mimi." Viatu alikuja navyo mwenyewe.

Kulikuwa na Mkenya mmoja muuza simu, Kimani, alikuwa hanipi nafasi. Mchana mmoja Seku amefunga bao kwenye televisheni, nikaanza. Kimani akasema, "Wacha, mzee. Wiki jana ulikula bata na gavana wa Guangdong, leo umezaa straika?" Mgahawa mzima ukacheka. Mama Mkongo naye akacheka mpaka akaweka sufuria chini.

Nikafungua mkoba. Nikaiweka ile kopi mezani, nimeibana kwa dole gumba, nikasema, "Soma. Soma kwa sauti."

Kimani akasoma jina. Akaiangalia sura. Wakaizunguka wote meza yangu, simu zikatoka, wakapiga picha. Mmoja akauliza, "Mbona mwaka wa kuzaliwa hapa si ule wanaotangaza?" Nikajibu kwa raha kabisa, "Ninyi mnamjua wa televisheni. Mimi namjua wa kweli."

Ndugu zangu, maisha yangu yote nimesema uongo na haukumdhuru mtu. Siku hiyo moja nikasema kweli.

Haikupita miezi miwili, picha ikatoka kwenye gazeti la huko Ulaya. Kopi ya pasipoti, na kwenye kona, dole gumba lisilo na ncha. Timu ikamsimamisha, kisha ikavunja mkataba. Hakuna timu nyingine iliyomtaka. Akarudi Guangzhou, nikampokea uwanja wa ndege. Aliushika mkono wangu wa kushoto, akaushikilia muda mrefu, akasema, "Tonton, nitauza suruali." Akauza suruali kwangu miaka mitatu. Hakuwahi kuuliza. Akisikia watu wanabishana nani alimchoma, anasema, "Ni wakala wangu wa kwanza." Mimi nanyamaza. Mimi, ninayeongea hata na pasi ya nguo.

Baadaye akarudi kwao, akaoa. Mkewe kila akiswali anamwombea laana aliyemchoma mumewe, ameniambia mwenyewe. Mwezi uliopita mke huyo ametuma picha kwenye simu, ujumbe wa Kifaransa, binti yangu akanitafsiria. Alikuwa anasafisha sanduku, akakuta lile gazeti. Kona moja ya picha ya pasipoti imekatwa, pametolewa mraba mdogo. Ameandika, "Tonton, nikimuuliza Seku anasema panya walikula. Wewe uliishi naye, unajua lolote?"

Binti yangu akaikuza ile picha, akaniuliza, "Baba, panya gani anakata kwa mkasi?"

Nikachukua simu nikaangalia mwenyewe: palipokatwa ndipo lilipokuwa dole langu.

Kwa hiyo alijua. Miaka yote amekula sahani moja na mimi akijua, na akakata dole langu ili mkewe asije kulitambua. Mwezi ujao wanakuja Dar, wote wawili, wanafikia kwangu. Mke atataka kunibusu mkono.

Nikiri mbele ya mkewe, au nikinyamaza ndiyo nitakuwa nimelinda alichokilinda? Naombeni mnishauri, wenye busara. Kuongea nimeongea sana, sasa nataka kusikiliza.