Mayai ya Siki ya Nje ya Geti

Saa mbili asubuhi jiko la Bi Siki limeshajaa mvuke. Mayai yamechemka na kumwagwa kwenye beseni la maji baridi. Mwenyewe amekaa kwenye kigoda. Anagonga yai ukingoni, analibingirisha kiganjani hadi ganda lipasuke kote, kisha analivua taratibu kama anayemvua mtoto fulana.

"Wifi, hilo umelichubua," anamwambia mke wa kaka yake, aliyekaa ng'ambo ya beseni.

"Nimelichubua wapi? Lilizaliwa hivyo."

"Basi utalila wewe uliyelizaa."

Yakishamenywa huingia kwenye chupa za mdomo mpana, pamoja na siki iliyochemshwa na vitunguu, tangawizi, pilipili na bizari kidogo ya kuyapa rangi. Siku za kawaida huyauza dirishani kwake. Katika kila mayai kumi faida ni bei ya mawili, na gesi ikipanda ni bei ya moja. Kwa faida hiyo amesomesha mabinti wawili. Hakuna mkubwa aliyewahi kuja kumkatia utepe.

Chupa za leo si za kuuza. Ni za kusanyiko la kila msimu wa joto la waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, ambako Bi Siki alikuwa mpishi wa kantini.

Kusanyiko hilo lilizaliwa na mgomo. Wafanyakazi walidai glavu, maana magadi makali ya kutengenezea sabuni yalikuwa yanawala mikono. Menejimenti ikawatoa nje ya geti, ikafunga kantini, kisha ikafunga na bomba la maji. Joto lilikuwa kali, chakula cha asubuhi kikichacha kabla ya adhuhuri. Bi Siki akakumbuka mayai ya mama yake, yasiyoharibika upesi, akaja na ndoo kichwani.

"Walikula kwa mikono iliyobabuka," anasimulia. "Siki inawachoma, wanacheka huku machozi yanawatoka. Hakuna aliyeondoka."

Glavu zilipatikana. Mwezi uliofuata mpishi akafukuzwa kazi. Waliovaa glavu hizo hawajamsahau: mpaka leo, kwenye kusanyiko lao, hakuna anayegusa sahani kabla mayai hayajafika.

Mwaka huu yanaweza yasifike. Mwenyekiti wa kusanyiko, aliyekuwa mkoroga sabuni, anabisha hodi na kusimama mlangoni, kofia mkononi.

"Dada, kampuni imejitolea kugharamia kila kitu. Ukumbi wa mle mle kiwandani, muziki, soda. Watatundika na bango: Sisi ni Familia Moja."

"Na mayai?"

"Wana wapishi wao. Chakula cha kutoka nje hawakitaki."

Bi Siki anaendelea kumenya.

"Siku ile walifunga bomba," anasema. "Leo wanaleta soda."

"Yamepita hayo, dada. Bosi wa wakati ule ameshastaafu."

"Yeye alistaafu. Mimi nilifukuzwa."

"Na mikono yako, mwenyekiti," wifi anadakia, "nayo imestaafu? Hebu tuione."

Mwenyekiti anavaa kofia na kuitia mikono mfukoni. Vidole viwili havijanyooka tangu enzi za magadi, na wote watatu wanalijua hilo.

"Sikatazi mtu kula vya bure," Bi Siki anasema, sauti haijapanda. "Waingie, wacheze, wanywe soda mpaka wacheue. Mimi nitakaa nje ya geti na chupa zangu, pale pale kwenye vumbi letu. Nataka wajukuu waulize kwa nini bibi yuko nje, na mtu mzima awajibu mbele ya bango lao. Hilo tu. Sitaki kingine."

 Mwenyekiti anavuta ndoo, anaigeuza, anaikalia, anakunja mikono ya shati na kuchukua yai.

"Pale nje bado hakuna kivuli?"

"Hakuna. Waambie waje na miavuli."