Dawa Zilinikausha Machozi, Shangazi Akaniita Muuaji

Siku tunamzika baba, shangazi alinizaba kibao kando ya kaburi, mbele ya ukoo mzima.

Kosa langu? Sikulia.

Simaanishi nilijikaza kiume. Wala. Chozi nililitafuta kama mtu anayepapasa funguo mfukoni, nikalikosa. Watu wanaangua vilio, mimi nimesimama kama nguzo, naangalia udongo unavyoporomoka pembeni mwa shimo na kuwaza: huyu mchimbaji kalipua kazi.

"Mtu gani huyu!" shangazi akapaza sauti. "Anamzika baba yake kama anamwaga takataka! Huyu anajua kilichomuua kaka yangu!"

Kwanza mnielewe. Mimi ni kinyozi. Baba alipougua, kila Jumapili nilimkalisha uani nikamnyoa ndevu. Duniani hakuna mtu niliyempenda kama yule mzee.

Ila kabla ya msiba nilikuwa nimeshikwa na sonona. Siyo ile huzuni ya timu yako kufungwa. Nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kuoga kukawa mlima. Mteja akinipigia stori, nasikia sauti tu, maneno hayaingii. Daktari akaniandikia vidonge.

Sitavisingizia: vilinitoa kitandani. Nikalala, nikala, nikarudi kazini. Lakini kuna kitu viliondoka nacho. Uchungu ulipungua, na furaha nayo ikaaga. Nilipomweleza daktari, hata kichwa hakuinua.

"Si unafanya kazi? Endelea nazo."

Nikaendelea. Baba akafa. Machozi yakagoma.

Sasa pale kaburini, shavu linawaka, nikafanya ujinga wa kusema ukweli.

"Shangazi, natumia dawa za sonona. Zimenikausha."

Akawageukia watu, mikono kiunoni. "Mmemsikia kwa masikio yenu? Anakunywa dawa za vichaa! Na kaka yangu alikuwa anampa shingo amnyoe!"

Maneno hayo yalifika saluni kabla yangu.

Mteja wangu wa siku nyingi, niliyemnyoa hadi siku ya harusi yake, aliniona nimeshika wembe akainuka na taulo shingoni. "Leo nitanyolewa na mwingine, fundi. Usinielewe vibaya."

Nimwelewe vipi tena?

Mwenye saluni, ambaye wote tulimwita Kipara maana biashara ya nywele anayo ila nywele hana, akanivuta pembeni. "Mdogo wangu, sikufukuzi. Ila wembe weka chini. Utakuwa unafagia."

Nikafagia nywele za wateja wangu mwenyewe. Wenzangu wakawa wanaficha mikasi nikipita, halafu wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Nikaona mchawi wangu ni vile vidonge. Nikavimwaga chooni vyote, nikavuta maji.

Jamani, msijaribu. Kichwa kikawa kinapiga shoti kama waya uliochubuka. Jasho, kizunguzungu, hasira za ovyo. Na sonona yenyewe ikarudi na nguvu mpya. Asubuhi moja nikajikuta naangalia wembe kwa jicho ambalo kinyozi hapaswi kuuangalia nalo.

Nilijiogopa. Nikatoka na ndala zisizofanana, mbio hadi zahanati.

Nesi wa zamu, mama mmoja mnene asiye na haraka, alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akanifokea.

"Nani alikwambia uziache ghafla? Hizi hupunguzwa taratibu, tena na daktari!"

"Nesi, haziniponyi."

"Kazi yake zimefanya, mwanangu. Iliyobaki siyo ya kidonge. Kidonge kitakutetea kwa shangazi yako?"

Akanipeleka kwa daktari mwingine, nikabadilishiwa dawa. Kisha akaniambia nije Alhamisi mchana, chumba cha nyuma.

Ilikuwa stoo ya zamani. Viti vya plastiki, harufu ya rangi, na watu wachache: dereva wa lori, mwalimu mstaafu, mama muuza mkaa na wengine, wote wenye sonona kama mimi. Nikaeleza yangu. Hawakunishauri kitu. Muuza mkaa aliuliza tu, "Baba yako alipenda umnyoeje?"

"Masharubu aliyataka..."

Sikumaliza. Kilio kilinitoka na kamasi, na kwikwi, na kila kitu. Dereva akanipa leso yake iliyojaa oili, nikajifuta hivyo hivyo.

Bado najifuta, mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamke aliyejitanda mtandio hadi puani.

"Karibu, mama," mwalimu akasema. "Wiki iliyopita tulikukosa."

Akashusha mtandio. Shangazi!

Aliponiona aligeuka akatoka. Nikamkimbilia hadi nje.

"Shangazi! Na wewe?"

"Punguza sauti." Akachungulia nyuma yangu. "Natumia hizo dawa tangu mume wangu aliponiacha."

"Sasa kwa nini ulinifanyia vile?"

"Na mimi sikulia siku ile. Hukuona? Kaka yangu wa tumbo moja, na chozi sikutoa. Watu walishaanza kunitazama." Akauvuta mtandio. "Nikawapa wewe."

Akanisogelea sikioni.

"Na ukithubutu kusema, nitawaambia umeanza kuona vitu visivyokuwepo. Watamwamini nani?"

Akajitanda akaondoka. Hakurudi. Kwa kuogopa kukutana nami aliacha kila kitu: kikundi, zahanati, hata dawa.

Mvua zilipokatika, jirani wa shangazi alinipigia simu. Mlango haufunguki, na ndugu niliowaita wakaja kujazana nje tu. Nikavunja komeo. Nilimkuta sakafuni jikoni, macho wazi, midomo imepasuka kwa kiu.

"Kumbe wazimu ni wa ukoo," binamu mmoja akasema akiwa mlangoni.

Hakuna aliyeingia kumshika.

Nilimbeba mgongoni mwenyewe. Sitawadanganya kwamba nilimbeba kwa upendo. Njiani nilitamani kumtua nimwache hapo hapo.

Kule zahanati, nesi akamuuliza, "Mama, huyu kijana ni nani yako?"

Shangazi akanitazama usoni.

"Simjui."

Siku hizi amerudi kikundini. Anakaa kiti cha mbali na changu. Hajaniomba radhi, nami nimeacha kusubiri. Kwa Kipara niliondoka, nikafungua kibanda changu, na wa kwanza kunipa shingo yake alikuwa yule dereva wa lori. Dawa bado nakunywa, nusu ya kipimo cha mwanzo, kwa maelekezo ya daktari.

Unayesoma hapa ukiwa na vidonge vyako kwenye droo, usivitupe kwa sababu ya midomo ya watu. Vikifika mwisho wa uwezo wake, mwambie daktari, kisha tafuta watu wa kukaa nao, hata kwenye stoo inayonuka rangi.

Ila usingoje wawe ndugu zako. Wa kwangu, wakifika karibu na kibanda changu, huvuka barabara.