Fedha ya Tarumbeta ya Baba

Sijaomba msamaha na siombi. Wanakwaya wenzangu huku ughaibuni, Lewisville, wananiita kichwa ngumu. Waniite hadi wachoke.

Baba alipiga tarumbeta katika bendi ya kanisa kule Kakamega tangu ujana wake. Alipokuja kuishi nami, hakubeba kitu kingine cha maana. Ilikuwa shaba tupu, imepauka, imebonyea, na kwenye mdomo wake mpana ina kiraka alichochomelea mwenyewe. Macho yake yalikuwa yameshaharibika, haoni ila vivuli, lakini kila asubuhi kabla sijaenda zamu hospitalini alikuwa akipiga wimbo mmoja, majirani wapende wasipende. Hiyo ndiyo iliyomtoa kitandani.

Basi mwenyekiti wa kwaya akaiomba, eti wanaipeleka kuoshwa kabla ya Pasaka. Wakairudisha mbele ya kanisa zima imechovywa fedha, inang'aa kama sufuria mpya. Vigelegele! Hakuna aliyekuwa amemuuliza mwenyewe. Baba akaishika, akaisugua, akanusa kiganja chake, kisha akairudisha.

"Asanteni," akasema, "lakini hii ni ya nani?"

Watu wakacheka, wakadhani mzee anatania. Hakuwa anatania hata kidogo. Shaba huacha harufu mkononi, kali kidogo, kama ya sarafu za zamani, na mtu asiyeona hukijua chombo chake kwa hiyo. Fedha hainuki. Nikaibeba mimi, na nyumbani nilimwekea kidole chake pale penye kiraka, lakini walikuwa wamekipiga msasa kikalainika.

"Ni yako, Baba, nakuapia."

"Sawa, mama," akanijibu, akaiweka chini.

Asubuhi zikawa kimya. Akaanza kulala mpaka adhuhuri, chai inapoa pembeni. Nilikuwa naona baba yangu ananiponyoka hivi hivi, kwa sababu ya watu waliotaka kwaya yao ipendeze kwenye picha. Nilikasirika.

Nikaandika kwenye grupu ya kwaya: "Wapendwa, Jumamosi natoa fedha ya tarumbeta ya Baba."

Haki ya Mungu, sikuficha kitu. Amina zikamiminika. Mwenyekiti mwenyewe akaandika, "Amina, dada! Mungu akuzidishie." Nilishangaa wamekubali upesi hivyo. Nilikuwa nina-drive kuelekea Fort Worth ndipo nikang'amua: kumbe walidhani naleta sadaka! Nilicheka peke yangu njia nzima, na sikumsahihisha mtu. Kwani wao walipoichovya waliniuliza?

Fundi wa ala za muziki, mzungu mmoja mwenye ndevu, alinitazama kama nimerukwa na akili. Wateja wake huleta shaba itiwe fedha, si fedha itolewe. Akaniambia kuwa chombo kimezeeka, na fedha ikitoka huenda tukakuta shaba imeliwa, hata imetoboka, na ikitoboka haina dawa. Ningemwambia nini mzee? Lakini kama ilivyokuwa, ilikuwa imeshakufa.

"Toa," nikamwambia.

Akavaa glavu na miwani, akaifungua tarumbeta, akavifunga vipande vyake kwa waya, akavizamisha katika tindikali ya moto. Anatoa, anachungulia, anarudisha. Mimi nilisimamishwa mlangoni kwa sababu ya moshi, nasali na kulaani kwa pamoja. Fedha ikageuka rangi ya majivu, ikaisha. Shaba ikajitokeza na madoa mekundu, na kiraka cha Baba hicho hapo, kimekwaruzwa lakini kimeshika. Haikuwa imetoboka. Fundi alipoiosha na kuikausha, akataka kuipaka vanishi isichafuke.

"Wee, usithubutu! Iache ichafuke."

Nilitoka hapo nikaenda zamu ya usiku, na Jumapili asubuhi kutoka zamu nikanyoosha hadi kanisani. Baba alikuwa ameshaletwa na jirani, amekaa kiti cha mbele. Mwenyekiti akanipokea kwa tabasamu, akafungua sanduku la tarumbeta mwenyewe. Tabasamu likakauka.

"Dada! Fedha iko wapi?"

"Nilisema natoa. Nimetoa. Na wewe ulisema amina."

"Tulidhani unatoa fedha!"

"Sasa mimi nimefanya nini?"

Kuna mama kwenye sauti ya kwanza aliyeangua kicheko akakificha kwa kitambaa. Mwenyekiti akanigeukia, akaanza: ati nimelidharau kanisa, ati upendo wao nimeuyeyusha kama takataka. Nikamwacha aseme. Nilichukua tarumbeta mkononi mwake nikaiweka mapajani mwa Baba.

Baba akaipapasa polepole. Akasugua kiganja kwenye shaba, akakipeleka puani, akakaa hivyo, mkono usoni, mabega yanatikisika. Mwenyekiti bado anafoka.

"Kijana," Baba akasema, "hebu ngoja. Nataka kupiga."

"Amina," nikasema, kwa sauti, na mimi nilijua naitikia nini.