Mkalimani wa Daktari wa Chakula

Mtu akianza kuniambia habari za kuosha damu, mimi huinuka nikajiendea zangu. Majirani wameshanizoea. Juzi mmoja aliniletea chupa ya maji ya kijani, ati yanatoa sumu mwilini, akataka maoni yangu kwa sababu alisikia niliwahi kutaka kusomea mambo ya lishe. Nikamwambia akayamwage, na hiyo chupa asinirudishie hapa. Akakasirika. Na akasirike. Mimi niko na sababu zangu, na leo nitazisema.

Nilimaliza kidato cha nne miaka ya tisini ikielekea kwisha, nikarudi nyumbani Kalama kukaa na mama. Baba alikuwa ameshafariki na dada zangu wameolewa, binti aliyebaki ni mimi. Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alimeza tembe asubuhi na jioni, na kila mwezi nilimsindikiza kliniki mjini Machakos. Huko ndiko nilikomwona mtaalamu wa lishe kwa mara ya kwanza: mwanamke wa koti jeupe, ana meza yake peke yake, na watu wazima wamekaa mbele yake kimya, mikono mapajani. Nikaitamani kazi ile mpaka nikakosa usingizi. Nilikuwa nimetoka shule na gredi si mbaya, na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuninyamazia anisikilize.

Nikisema kweli, hata yule hakutusaidia kitu. Alimpa mama karatasi ya vyakula iliyoandikwa kwa Kiingereza, imepigwa fotokopi mpaka herufi zimefifia. Kulikuwa na brokoli, samaki wa baharini na matunda ambayo hata mimi nilikuwa sijawahi kuyatia machoni. Muthokoi haikuwamo. Sisi tukipika mahindi yaliyotwangwa yakatoka ganda, tukayachanganya na maharagwe au mbaazi, ndiyo tunasema tumekula. Karatasi ile haikujua kama kuna kitu kama hicho duniani. Mama aliikunja akaitia ndani ya Biblia, akaendelea kula alivyokula siku zote, na tembe zake zikamshikilia.

Halafu akaja mwanamume tuliyemwita Daktari wa Chakula. Hakuwa daktari, lakini hakuwahi kumkataza mtu kumwita hivyo. Alitoka Nairobi kila Alhamisi kuwafundisha akina mama wa kanisa letu, na alikuja na koti lake jeupe, mchoro mkubwa wa utumbo wa kutundika ukutani, na katoni za unga wa soya na chupa za maji ya shubiri za kuuza. Alizungumza Kiingereza, akichovya Kiswahili hapa na pale.

Kwetu mgeni akihutubia kanisani, lazima mtu asimame kando yake amgeuzie maneno kwa Kikamba, sentensi kwa sentensi. Kazi hiyo hupewa kijana aliyesoma, na mwaka ule nilikuwa mimi. Watu wanafikiri mkalimani anabeba maneno tu. Wapi! Mgeni akipandisha sauti, unapandisha. Akiinua mkono, unainua. Akikauka, unamtilia maji. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo, na nilijijua.

Siku ya kwanza alifundisha kwamba mahindi ni wanga na maharagwe ni protini, na vikikutana tumboni vinapigana, chakula kinaoza, uozo unaingia kwenye damu, na huo ndio mwanzo wa sukari, presha na magoti kuuma. Akina mama walimtazama kama amewatukania mama zao. Aliyekuwa anaaibika pale ni mimi. Basi nikatia chumvi. Nikawaambia mahindi na maharagwe ni wake wenza waliowekwa jiko moja: kila mmoja anataka sufuria iwe yake, na anayeumia ni mwenye nyumba. Ukumbi wote ukacheka. Daktari wa Chakula aliniuliza nimesema nini, nikamjibu nimesema alivyosema yeye.

Baadaye aliniambia niko na kipaji, na ataniandikia barua ya kunipendekeza chuoni, kozi ya lishe. Kichwa kikanivimba. Barua aliiandika kweli, na chuo kikaniita, na mimi sikwenda, lakini hayo yalikuwa mbele bado.

Haikupita wiki mbili, jirani zetu wote wakawa wanapika mahindi peke yake na maharagwe peke yake. Kuni zikawa haziishi kutafutwa. Kuna nyanya mmoja alikuwa akila mahindi makavu mchana na maharagwe jioni, anajaa gesi usiku kucha, na hasemi neno kwa sababu ameambiwa ni elimu. Wakikutana na mimi njiani wananiuliza, je, ndizi na chai ni wake wenza? Je, viazi na kunde? Nami nawajibu. Nilikuwa najibu tu, haya hata sina.

Alhamisi ya tatu alifika kwenye dawa. Nakumbuka vizuri kwa sababu maneno yalipita kinywani mwangu. Alisema tembe za sukari zinaufungia uchafu ndani, na mtu akisafisha damu kwa unga wake na maji ya shubiri siku arobaini, huenda asizihitaji tena. Huenda. Mjanja yule alijua kuiweka hapo. Mimi nilipogeuza maneno niliiacha hiyo huenda, kwa sababu ilikuwa inanipunguzia nguvu ya sentensi. Nikasema: hutazihitaji tena. Mama alikuwa amekaa safu ya pili akiitikia kwa kichwa. Hakuwa anamwangalia yule mwanamume hata kidogo. Alikuwa ananiangalia mimi.

Jioni ile alifunga kopo la tembe akalitia kabatini. Nilimwona. Kliniki walikuwa wametuambia zisikose hata siku moja, na niliyaelewa maneno yale kwa lugha zote tatu. Lakini ningemwambia nini? Kwamba ninayosema mbele za watu siyaamini? Na nikishasema hivyo, barua ya chuo je? Nikamkorogea unga wa soya.

Siku za kwanza alikuwa mzima kabisa, hata akanisifu kwa majirani. Kisha kiu ikaanza. Alikunywa maji mpaka nikawa nachota mtoni mara mbili kwa siku, na macho yakawa yanamsumbua, hata nikawa namsomea Biblia mimi. Alijikwaa shambani, kidole cha mguu kikachubuka, kikakataa kupona. Alikificha ndani ya soksi. Nilipokigundua nilimvuta Daktari wa Chakula kando nikamweleza. Hata hakuuliza mgonjwa ni nani. Akasema hiyo ni sumu inatoka, tusiikatize njiani. Nikaenda nikampa mama jibu hilo, kwa sauti ile ile ya kanisani.

Siku arobaini hazikutimia. Siku ya thelathini na kitu aliamka haelewi yuko wapi, na mguu unanuka mpaka mlangoni. Jirani mmoja mwenye gari ya kubebea mchanga alitupeleka hospitali.

Daktari aliyetupokea, daktari wa kweli, alikuwa kijana mpole wa kutoka pwani. Alimtundikia maji, na kufikia adhuhuri akili zilikuwa zimemrudia mama. Mama alikuwa na Kiswahili, cha kuuzia nyanya sokoni, lakini siku ile maumivu yalikuwa yamemrudisha kwenye Kikamba na hakutaka kutoka huko. Daktari akanigeukia.

"Wewe ni binti yake? Basi nitafsirie. Muulize dawa aliacha lini."

Nikamuuliza. Akasema ni mwezi sasa na zaidi, nikamwambia daktari hivyo.

"Muulize ni nani aliyemwambia aache."

Nilimuuliza kwa Kikamba. Mama hakunikasirikia. Laiti angenikasirikia ningejua pa kuanzia, lakini alinisemesha taratibu, vile alivyokuwa akinipa maagizo ya dukani nikiwa mdogo.

"Ni wewe, mwanangu. Lakini usimwambie hivyo, watakuharibia mambo ya chuo. Mwambie nilisahau."

"Anasema alisahau," nikamwambia daktari.

Yule kijana alitikisa kichwa, akaandika kwenye faili, na upole wake ukamwisha. Akasema nimwambie mama dawa si kitu cha kusahau. Nimwambie mguu hauponi tena, utakatwa chini ya goti kesho asubuhi. Nimwambie asimtafute mchawi wala asimlaumu mtu, maana mguu huu ameukata mwenyewe kwa uzembe wake.

Nikasimama kando ya kitanda nikamgeuzia yote, mpaka hilo la uzembe. Mama alisikiliza hadi mwisho, akaniambia nimwombee msamaha kwa daktari.

Nikamwombea.